Derek Bryceson: Aliyeambiwa Hatatembea Tena



Likizo iliyopita tulipangiwa utume katika kigango kimoja cha wilaya ya Iramba, hapa mkoani kwetu Singida. Siku ya tatu katekista alitupeleka kumtembelea kijana aliyeumia uti wa mgongo katika ajali ya bodaboda. Mama yake alitukaribisha vizuri, akatuita mafrateri, akatutandikia mkeka chini ya mwembe. Kijana mwenyewe alikuwa ndani, na ilichukua muda kukubali kutoka. Tulipomuuliza kwa nini haonekani tena kanisani, alijibu kwamba hataki kubebwa kama gunia la alizeti mbele ya watu. Akaongeza kwamba waamini wakimwona humpa sadaka, wakati yeye hajaomba. Katika kwaya ya vijana alikuwa anapiga kinanda.

Tulisali naye, tukaaga, na njiani hatukuwa na la kusema. Mmoja wetu alisema neno ambalo Waswahili husema mbele ya jambo kama hilo, kwamba hujafa hujaumbika. Ni neno la kweli, lakini linatufundisha tu kutomcheka mwenzetu. Halituambii aliyeumia afanye nini kesho asubuhi, wala sisi tulio naye tumfanyie nini. Tuliporudi chuoni tuliamua kuandika habari za mtu aliyewahi kulala kitandani na swali hilo hilo, kisha akawa mbunge na waziri katika nchi yetu kwa miaka mingi. Wazee wanalikumbuka jina lake. Vijana wengi hawalijui.

Rubani wa miaka kumi na tisa

Derek Noel Maclean Bryceson alizaliwa nchini China mwishoni mwa mwaka 1922, wazazi wake wakiwa Waingereza. Vita Kuu ya Pili ilipoanza alikuwa bado mvulana. Mara alipofikia umri wa kupokelewa aliingia Jeshi la Anga la Uingereza, akafundishwa kurusha ndege za kivita, akapelekwa Mashariki ya Kati.

Urubani wake haukudumu. Baada ya miezi michache tu ya mapigano, mwaka 1942, ndege yake ilitunguliwa. Alinusurika, lakini uti wa mgongo uliumia vibaya. Alikuwa na umri wa miaka 19. Madaktari walimwambia wazi kwamba hatatembea tena maisha yake yote.

Tunaosoma falsafa tunapenda kujadili uhusiano wa roho na mwili tukiwa tumekaa darasani, miguu ikiwa mizima. Kwa kijana huyu suala hilo halikuwa mada ya semina. Mwili ambao jana ulimtii leo ulikataa, na wenye elimu walikuwa wamekwisha kutoa hukumu. Bryceson hakuipokea hukumu hiyo. Alianza kujifunza kusimama, kisha kujivuta, kisha kupiga hatua. Mguu mmoja ulikuwa umebakiwa na misuli kidogo, ya kutosha kuusogeza mbele. Mwingine haukuwa na nguvu kabisa, ikabidi aurushe kwa kuuzungusha kutoka kwenye nyonga. Kwa namna hiyo, akiegemea fimbo moja, alitembea. Hakuwahi kutembea vizuri, na kila hatua ilikuwa kazi mpaka siku ya mwisho. Alijifunza hata kuendesha gari, akiunyanyua mguu kwa mkono kuuhamisha kutoka pedali moja hadi nyingine, na waliopanda naye walisema alikwenda kasi.

Kazi aliyoikataa

Baada ya vita alisomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alipomaliza alipewa nafasi nzuri ya kazi ya kilimo huko huko Uingereza. Wengi wangeipokea kwa mikono miwili. Yeye aliona kwamba ni kazi aliyotengewa mgonjwa, ya kusimamia kilimo akiwa amekaa kitini. Aliikataa. Mwaka 1947 alikwenda Kenya kufanya kazi ya shamba, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akavuka kuja Tanganyika, akapata shamba la ngano kwenye miteremko ya chini ya Mlima Kilimanjaro.

Hapa tusimame kidogo, maana hatutaki kuandika maisha ya mtu kama anayepamba sanamu. Shamba lile halikupatikana kwa bidii peke yake. Zilikuwa ni enzi za ukoloni, na serikali iliwagawia walowezi wa Kizungu ardhi nzuri ya kaskazini. Mwaka 1951, katika ukanda huo huo wa kaskazini, Wameru wapatao elfu tatu waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka uliofuata mjumbe wao, Kirilo Japhet, alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kuwasilisha malalamiko yao. Bryceson alikuwa na utashi wa chuma, ni kweli. Lakini alikuwa pia na matibabu ya jeshi, chuo kikuu, na rangi iliyomfungulia milango. Jambo hili tutalirudia mwishoni.

Linalofanya habari yake istahili kusimuliwa ni kwamba hakubaki shambani akilinda alichopata. Alikutana na Julius Nyerere, na kukutana huko kukabadili mwelekeo wa maisha yake.

Kura tatu

Mwaka 1957 serikali ya Gavana Edward Twining ilimteua Bryceson kuwa waziri msaidizi. Angeweza kuendelea kupanda ngazi upande wa wakubwa. Twining mwenyewe alikiunga mkono chama cha UTP, kilichoanzishwa mwaka 1956 ili kuizuia TANU, na Wazungu wengi wenye mashamba walikuwa upande huo.

Uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika ulipangwa kufanyika kwa utaratibu wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu katika jimbo lake, yaani Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Asiyechagua wote watatu, kura yake iliharibika. Kupiga kura kwenyewe kulihitaji sifa za elimu, kipato au cheo ambazo wananchi wengi hawakuwa nazo. Wanachama wengi wa TANU waliuona utaratibu huo kuwa tusi. Watu wachache sana wa rangi mbili walipewa viti sawa na mamilioni ya Waafrika. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Nyerere aliwashawishi wenzake waingie katika uchaguzi huo hata hivyo. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha chama chake cha ANC.

Ukisha kuamua kuingia, lazima upate Wazungu na Waasia ambao unaweza kuwapigia kura bila kujisaliti. Bryceson alikuwa mmoja wa Wazungu waliokubali kusimama kwa kuungwa mkono na TANU. Tufikirie hali yake. Kwa majirani zake wenye mashamba alionekana kuwa msaliti. Kwa Waafrika alikuwa bado mlowezi, na kumwamini kulihitaji moyo. Septemba 1958, katika Jimbo la Kaskazini, walichaguliwa watatu: Solomon Eliufoo, Sophia Mustafa na Derek Bryceson. Singida yetu wakati huo ilikuwa ndani ya Jimbo la Kati, na zamu yake ya kupiga kura ilifika Februari 1959. Mwishowe wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda karibu kila mahali, na UTP ikafifia.

Hivyo utaratibu uliobuniwa kuwagawa watu kwa rangi uliwakutanisha. Mzungu hakuweza kuchaguliwa bila kura za Waafrika, na ilimbidi aende kuwaomba. Bryceson alikwenda na fimbo yake.

Waziri katika nchi mpya

Julai 1959 mawaziri watano wa kuchaguliwa waliingia serikalini: Chifu Abdallah Fundikira, George Kahama, Solomon Eliufoo, Amir Jamal na Bryceson, aliyepewa Madini na Biashara. Mwaka 1960 Nyerere alipokuwa Waziri Kiongozi, Bryceson alipewa Afya na Kazi. Mtu aliyelala hospitalini akiwa hawezi kunyanyua mguu sasa alisimamia hospitali za nchi nzima.

Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili sheria ya uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika, na wengine wasubiri au wakae kando. Nyerere alisimama kidete akasema kwamba uraia hauwezi kupimwa kwa rangi ya ngozi, na kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali jambo hilo. Bryceson alikuwemo ndani ya ukumbi ambamo watu walijadili kama watu kama yeye wanastahili kuwa wa nchi hii. Sheria ilipita bila ubaguzi. Naye akawa raia, akabaki, wakati walowezi wengi walipofunga mizigo.

Baada ya Uhuru alishika Kilimo, akarudishwa Afya, kisha mwaka 1965 akapewa tena Kilimo na kukaa huko hadi 1972. Wenzake wa Kizungu waliondoka mmoja mmoja, hatimaye akabaki Mzungu peke yake katika Baraza la Mawaziri. Alikuwemo Azimio la Arusha lilipotangazwa, Februari 1967, na kuwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa za makampuni au nyumba za kupangisha. Kilimo cha miaka ile kilikuwa wizara ngumu. Serikali ilitaka wakulima wazalishe zaidi na waishi pamoja katika vijiji vya ujamaa, na kati ya mipango na mavuno palikuwa na pengo ambalo sisi watoto wa wakulima wa uwele na mtama tunalijua kwa masimulizi ya babu zetu. Hatusemi kwamba waziri huyu alilijaza.

Jaribio lake kubwa lilikuja Septemba 1965. Nchi ilikuwa imeingia katika mfumo wa chama kimoja, na katika kila jimbo TANU ilisimamisha wagombea wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Ilikatazwa kuomba kura kwa kutumia rangi, kabila au dini. Wananchi walikuwa huru kuwaangusha wakubwa, na waliwaangusha. Hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alipoteza kiti. Bryceson aligombea Dar es Salaam, mbele ya wapiga kura ambao wengi wao walikuwa Waafrika, akishindana na Mwafrika. Hapakuwa tena na kiti cha Mzungu cha kumlinda. Alishinda.

Hifadhi, ziwa na bahari

Mwaka 1972 aliondoka katika Baraza la Mawaziri, akakabidhiwa kuongoza Hifadhi za Taifa, huku akiendelea kuwa mbunge. Kazi hiyo ilimtaka asafiri kwa ndege ndogo kwenda porini. Mwanzoni mwa 1974 ndege aliyopanda ilianguka ikijaribu kutua Ruaha. Pamoja naye alikuwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, na mtoto wake wa kiume. Wote walitoka salama. Kwa mtu aliyevunjwa mgongo na ndege akiwa na miaka 19, ajali ya pili ingekuwa sababu tosha ya kubaki ofisini. Aliendelea kuruka.

Mwaka 1975 Bryceson na Goodall walifunga ndoa ya kiserikali, baada ya ndoa ya kwanza ya kila mmoja wao kuvunjika. Kanisa letu lina mafundisho yake juu ya jambo hili na tunayashika. Hatuandiki maisha ya mtakatifu, wala hatuna haja ya kuficha.

Mwaka huo huo, usiku wa tarehe 19 Mei, watu wenye silaha kutoka Zaire walivuka Ziwa Tanganyika wakavamia Gombe na kuwateka wanafunzi wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Walikuwa wapiganaji wa Laurent Kabila, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Rais wa Kongo. Baada ya wiki nyingi za wasiwasi na mazungumzo, mateka wote walirudi hai. Lakini utafiti ulikuwa hatarini, maana wanafunzi wa kigeni hawakuweza tena kuishi pale. Ndipo Bryceson, aliyekijua Kiswahili vizuri, aliposaidia kuwapanga wafanyakazi Watanzania wa Gombe wauchukue utafiti wenyewe, wafuate sokwe msituni na kuandika walichoona. Walikuwa wanaijua kazi hiyo kwa muda mrefu. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaamini na kuwakabidhi.

Mwaka 1980 aligundulika kuwa na saratani. Alipelekwa Ujerumani kwa matibabu, akafariki huko mwezi Oktoba, kabla ya kutimiza miaka 58. Majivu yake yalirudishwa yakatawanywa katika Bahari ya Hindi, ambayo aliipenda, kwa maana ndani ya maji mwili wake haukuwa mzigo.

Sisi tunajifunza nini?

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba tendo kuu la fadhila ya nguvu ni kuvumilia, zaidi ya kushambulia. Tulipolisoma hilo mwaka wa kwanza lilitushangaza, maana tulidhani shujaa ni yule anayekwenda mbele na upanga. Bryceson alishambulia kwa miezi michache na akavumilia kwa miaka 38. Kuvumilia kwake hakukuwa kukaa kimya akisubiri kufa. Kulikuwa ni kuzungusha ule mguu kutoka kwenye nyonga kila asubuhi, kisha kwenda kazini.

Waamini wanamjua Mtakatifu Inyasi wa Loyola, askari aliyepigwa na kombora la mzinga huko Pamplona mwaka 1521, akachechemea maisha yake yote. Hatuwalinganishi watu hawa wawili kwa utakatifu. Lakini kwa wote wawili jeraha lilifunga njia moja, na njia nyingine ikapatikana kwa kuitafuta.

Sasa turudi kwa jambo tulilosema tungelirudia. Ni rahisi kumchukua Bryceson na kumpiga nalo yule kijana wa Iramba: mwenzako alitembea, wewe mbona umelala? Huo ungekuwa ukatili, na ungekuwa uongo. Bryceson alipewa hospitali, shule, shamba na mwishowe kura. Utashi wake ulipata mahali pa kushika. Kijana wetu ana utashi, tuliuona alipokataa sadaka. Alichokosa ni kitu cha kushika. Kanisa la kigango lina ngazi nne mlangoni na hakuna njia ya kiti cha magurudumu. Kinanda kiko jukwaani. Hakuna aliyefikiri kukishusha.

Kanisa zima limetembea katika jambo hili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 984, ilimzuia kupokea daraja mtu ambaye kasoro ya mwili ilimfanya asiweze kuhudumia altare kwa usalama au kwa heshima. Sheria ya mwaka 1983 inadai sifa za mwili zinazofaa kwa huduma, lakini kizuizi kile haikukiweka tena. Kama mama Kanisa ameufungua mlango wa altare, sisi hatuwezi kuuacha umefungwa mlango wa kanisa.

Watu wa Tanganyika mwaka 1958 hawakumhurumia Bryceson. Walimpa kazi. Walimpigia kura kama walivyowapigia wengine, na baadaye wakamdai matokeo kama walivyowadai wengine. Pengine hiyo ndiyo heshima aliyokuwa anaitafuta tangu alipokataa ile kazi ya kitini.

Tumemwandikia katekista. Hatukumtumia mchango. Tumeuliza kama vijana wa kwaya wanaweza kukishusha kinanda sakafuni na kumwaga mlango mmoja wa pembeni kwa zege, na tumeahidi kwamba likizo ijayo sisi wenyewe tutakuja kusomba mchanga. Tumeomba pia amuulize kijana, kabla ya yote, kama bado anataka kupiga. Jibu bado halijafika.